Ulinzi wa bandari ya Kigoma: gharama analipa nani?

Na Mwandishi Wetu, Simbo

MFANYABIASHARA wa Simbo anayepeleka mzigo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huuliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha zake: nauli ni kiasi gani, ushuru ni kiasi gani, na chombo kinaondoka lini. Swali la nne, la nani anaulinda mzigo huo tangu unaposhushwa garini hadi unapopakiwa chomboni, kwa kawaida huulizwa siku ambayo mifuko imehesabiwa na kuonekana imepungua. Siku hiyo jibu halina faida tena.

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando kidogo bei za mazao na kulishughulikia swali hilo la nne. Sababu ni ya kibiashara. Ulinzi wa bandari ni gharama kama zilivyo nauli na ushuru, na kama gharama nyingine zote, mwisho wake humwangukia mwenye mali. Kinachobaki kujadiliwa ni kama atailipa kwa mpango, akijua anachopata, au atailipa bila kujua, kwa mfuko uliochanika na siku zilizopotea gatini.

Simbo yenyewe haina gati wala kreni. Ni mahali pa wakulima na wachuuzi katika wilaya ya Kigoma, si mbali na Ujiji, na mali yake hutoka kwa baiskeli, pikipiki na malori. Lakini bei ya mawese, mahindi na mihogo hapa huongozwa kwa kiasi kikubwa na kinachotokea ziwani. Vyombo vikisimama siku tatu, mnunuzi wa Ujiji haji, na mkulima wa Simbo hubaki na madumu yake. Ndiyo maana suala la bandari si la wenye meli peke yao.

Kanuni zilikotoka

Kanuni za kimataifa zinazozitaka bandari ziwe na mpango wa ulinzi ulioandikwa hazina umri mkubwa. Kabla ya mwaka 2001 hapakuwa na kanuni moja ya lazima kwa bandari zote, na sehemu nyingi ziliridhika na ukuta, geti na askari. Yakaja mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani. Oktoba 2002 meli ya mafuta ya Kifaransa, Limburg, ikashambuliwa karibu na pwani ya Yemen. Desemba mwaka huo huo nchi wanachama wa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia usafiri wa baharini, zilikutana London na kupitisha kanuni zinazojulikana kwa herufi ISPS. Zilianza kutumika Julai 1, 2004, zikiwa sehemu ya SOLAS, yaani mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini.

Hapa inafaa kutofautisha maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Usalama wa chombo ni habari ya kutozama na kutoungua: maboya, uzito, injini, hali ya hewa. Ulinzi ni habari ya mtu mwenye nia mbaya: mwizi, mtekaji, mlipuaji, msafirishaji wa silaha. ISPS inahusu hili la pili.

Kanuni hizo zinagusa meli za abiria, na meli za mizigo zenye ukubwa wa tani 500 na zaidi, zinazofanya safari za nchi za nje, pamoja na bandari zinazozihudumia. Bandari ya namna hiyo hutakiwa kwanza kufanyiwa tathmini. Ni kitu gani hapa kikiharibiwa kitasimamisha kazi au kuua watu? Nani anaweza kukiharibu, na kwa njia gani? Ufa uko wapi? Tathmini ikimalizika, huandikwa mpango. Mpango huo huidhinishwa na serikali, na kazi hiyo haiwezi kukabidhiwa kampuni binafsi. Kisha huteuliwa ofisa mmoja wa ulinzi wa bandari, mtu anayejulikana, ambaye ndiye wa kuulizwa.

Mpango huwa na ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni ya siku zote. Ya pili ni ya wakati ambapo hatari imeongezeka. Ya tatu ni ya wakati ambapo shambulio linatarajiwa au limekwisha kutokea. Serikali ndiyo hutangaza ngazi. Kwa mfanyabiashara, ngazi hizi zina maana ya muda: ngazi ikipanda, magari yanayokaguliwa huongezeka, foleni hurefuka, na katika ngazi ya tatu kazi inaweza kusimamishwa kabisa.

Nguvu ya ISPS hutokana zaidi na kumbukumbu kuliko faini. Meli hutakiwa kuhifadhi habari za bandari kumi za mwisho ilizopita. Ikiwa imetoka katika bandari yenye ulinzi wa mashaka, bandari inayofuata inaweza kuichelewesha, kuipekua upya au hata kuikatalia kuingia. Mwenye meli asiyetaka usumbufu huo huikwepa bandari hiyo au hupandisha nauli yake. Hivyo ndivyo uzembe wa geti moja unavyoingia katika bei ya bidhaa dukani.

Ziwa halimo katika maandishi

Sasa mfanyabiashara wa Kigoma asikilize vizuri. SOLAS ni mkataba wa bahari. Dar es Salaam, Tanga, Mtwara na Mombasa zimo. Kigoma haimo kwa nguvu ya mkataba huo, kwa kuwa meli za Ziwa Tanganyika haziendi baharini. Hata hivyo safari ya kutoka Kigoma hadi Kalemie au Uvira nchini Kongo, Bujumbura nchini Burundi, au Mpulungu nchini Zambia, ni safari ya nchi za nje kwa kila kipimo cha forodha na uhamiaji. Nchi nne zinatumia maji hayo. Tunao basi usafiri wa kimataifa ambao mkataba mkuu wa ulinzi wa bandari haukuandikwa kwa ajili yake.

Pengo hilo linabaki kuzibwa na sheria za nyumbani. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ndiyo yenye dhamana ya bandari za bahari na za maziwa. Wakala wa Meli, TASAC, uliotokana na sheria ya mwaka 2017, ndio msimamizi wa usalama na ulinzi wa usafiri wa majini. Kwa hiyo mwenye mali akitaka kudai mpango hana haja ya kungoja London. Wa kuulizwa wapo hapa hapa nchini.

Tatizo la pili ni kwamba Kigoma haina mlango mmoja. Kuna bandari kuu, mahali ambapo reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Halafu kuna mialo: Kibirizi, Ujiji, na vijiji vingi kando ya ziwa ambako maboti ya mbao hupakia na kushusha watu na mali. Boti la mbao halikaribii tani 500. Hata kama kanuni za bahari zingeletwa ziwani neno kwa neno, maboti hayo yangebaki nje, na kiasi kikubwa cha biashara ya mtaji mdogo hupita humo.

Hili ndilo jambo ambalo waandishi wa mipango ya ulinzi wanapaswa kulifikiria kabla ya lingine lolote. Ukiweka geti la chuma upande mmoja na kuacha mchanga wazi upande wa pili, mzigo utafuata mchanga. Aliye na sababu ya kujificha atapita huko, na mfanyabiashara halali aliyechoshwa na foleni atapita naye. Matokeo yake ni bandari yenye ulinzi mzuri isiyo na mzigo, na mwalo wenye mzigo usio na ulinzi.

Historia ya ziwa hili

Bandari ya Kigoma imezoea kubeba mizigo ya nchi nyingine. Mwaka 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba uliowapa Wabelgiji maeneo yao wenyewe katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mali ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bila kutozwa ushuru njiani. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Utaratibu wote uliegemea kitu kimoja kidogo: lakiri. Behewa lililofungwa na kutiwa lakiri upande mmoja lilipaswa kufika upande wa pili na lakiri ile ile. Huo ulikuwa ulinzi wa mali kwa karatasi na nta, miaka zaidi ya 80 kabla ya ISPS.

Somo jingine lilikuja miaka ya 1990. Julai 1996, baada ya mapinduzi ya Bujumbura, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyoondolewa Januari 1999. Katika miezi hiyo hiyo vita vilikuwa vimewaka upande wa Zaire, na wakimbizi walivuka ziwa kwa maelfu kuja Kigoma. Bandari iliyokuwa ikiishi kwa mzigo wa jirani ilijikuta njia kuu imefungwa kwa amri halali, huku ufuko ukiwa mrefu kuliko uwezo wa askari kuulinda.

Mwaka 2015 ikawa zamu ya Kagunga. Makumi ya maelfu ya Warundi walikusanyika katika kijiji hicho cha mpakani kando ya ziwa, na kipindupindu kikaingia kati yao. MV Liemba, meli iliyoingia majini mwaka 1915 na yenye nafasi ya abiria wapatao 600, ilikwenda na kurudi ikiwaleta Kigoma, ambako uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika uligeuzwa kituo cha mapokezi. Hakuna mfanyabiashara muungwana atakayelalamika kwamba meli ilibeba watu na kuacha mizigo. Lakini swali la mipango linabaki: siku kama hiyo, shehena iliyoko gatini inahamishiwa wapi, nani anaiandika, na nani anabaki na ufunguo wa ghala?

Swali hilo halijapitwa na wakati. Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23, na Februari wakaingia Bukavu. Kila vita vikikaribia ncha ya kaskazini ya ziwa, mzigo wa Kongo hutafuta njia nyingine, na watu nao pia. Mpango wa ulinzi wa bandari ya Kigoma ukiandikwa kwa kufikiria mabomu tu, utakuwa umeacha tukio ambalo mji huu umeliona zaidi ya mara moja.

Mpango una nini ndani

Mpango mzuri hujibu mambo ya kawaida kabisa. Nani anaruhusiwa kuingia, na kwa kitambulisho gani? Sehemu zipi ni marufuku kwa asiyehusika, kama vile ghala, matangi ya mafuta na chumba cha umeme? Shehena inapokelewaje, inalinganishwaje na hati zake, na inawekwa wapi ikingoja chombo? Chakula na vifaa vinavyopelekwa melini hukaguliwa na nani? Mizigo ya abiria isiyo na mwenyewe hufanywa nini? Usiku kuna taa, na kuna jicho linaloangalia?

Baada ya hapo hufuata mazoezi. Mwongozo wa ISPS unashauri zoezi dogo angalau kila miezi mitatu, na zoezi kubwa la pamoja angalau mara moja kila mwaka, pasipite miezi 18 kati ya moja na jingine. Mpango usiofanyiwa mazoezi ni faili la kuonyesha wakaguzi.

Mpango wenyewe ni siri. Hauwekwi ubaoni, kwa kuwa mwizi naye anajua kusoma. Lakini mfanyabiashara hana haja ya kuusoma ili ajue kama upo. Akipita getini bila kuulizwa jina, anajua. Akikuta wachukuzi wasiojulikana ndani ya ghala, anajua. Akiulizia ofisa wa ulinzi na kila mtu akamwelekeza kwa mwingine, anajua pia.

Hesabu ya mifuko 80

Tugeukie fedha. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, ili msomaji aone jinsi gharama inavyotembea; kila mmoja anaweza kuweka tarakimu zake.

Tuseme ulinzi wa bandari, yaani askari, taa, uzio, mafunzo na makaratasi, unagharimu Shs. milioni 60 kwa mwaka, na bandari inapitisha tani 120,000. Hiyo ni Shs. 500 kwa tani. Unga wa mahindi katika mifuko ya kilo 25 ni mifuko 40 kwa tani. Mfanyabiashara wa Simbo mwenye mifuko 80, ambayo ni tani mbili, atachangia Shs. 1,000.

Sasa tuseme robo tatu ya mzigo umekimbilia mialo, zikabaki tani 30,000. Gharama ya ulinzi haishuki, kwa kuwa askari ni wale wale na taa ni zile zile. Kila tani sasa inabeba Shs. 2,000, na mwenye mifuko 80 anachangia Shs. 4,000. Ameongezewa mara nne bila mtu yeyote kutangaza tozo mpya. Wengine wameondoka, naye amebaki na fungu lao.

Linganisha na hasara. Kama mfuko mmoja ni Shs. 30,000, mzigo wote ni Shs. milioni 2.4. Mfuko mmoja ukipotea, umeondoka na fedha ambayo ingelipia mchango wa ulinzi mara 30 kwa kiwango cha kwanza, na mara saba na nusu kwa kiwango cha pili. Ulinzi unaookoa mfuko mmoja kwa safari umekwisha kujilipa.

Lakini kuna tarakimu ya tatu, na wengi huisahau. Tuseme mtaji huo ni wa mkopo kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Riba ya mwezi ni Shs. 72,000, sawa na Shs. 2,400 kwa siku. Mzigo ukikaa gatini siku mbili zaidi kwa sababu ya ukaguzi usio na utaratibu, riba peke yake ni Shs. 4,800. Hiyo inazidi mchango wa ulinzi hata kwa kiwango kile cha juu. Na bado hatujahesabu chakula, malazi, na mnunuzi wa Kalemie aliyechoka kungoja akanunua kwa mwingine.

Hesabu hii inatuonyesha kwamba mchango wa ulinzi kwa kila mfuko ni mdogo. Kinachomuumiza mwenye mtaji mdogo ni wizi kwa upande mmoja na ucheleweshaji kwa upande mwingine. Kwa hiyo mpango wa ulinzi upimwe kwa mizani hiyo. Unaozuia wizi lakini unaongeza siku mbili gatini umemtoa mfanyabiashara shimo moja na kumtia jingine, na utamsukuma kwenye mchanga wa mwalo.

Daftari kwanza, ukuta baadaye

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dar es Salaam iliona ukweli wa msemo huo Novemba 2015, pale ziara ya ghafla ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa bandarini ilipoibua habari ya makontena 349 yaliyotoka bila kodi kulipwa. Bandari ile ina kuta, mageti na walinzi, na inahusika na ISPS. Kontena haliruki ukuta. Hupita getini mchana, na kama karatasi za geti, za ghala na za forodha hazilinganishwi, ukuta haujui lolote.

Kwa upande wa watu, somo ni chungu zaidi. MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996, hesabu kamili ya waliokuwamo haikupatikana, na watu waliokufa wanakadiriwa kuwa mamia kadhaa. MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara Septemba 20, 2018, walikufa watu 228. Hizo zilikuwa ajali, hazikuwa mashambulizi. Lakini orodha ya abiria inayosaidia waokoaji kujua wanamtafuta nani ndiyo orodha inayomsaidia askari kujua nani alipanda na nani hakupanda. Daftari moja hufanya kazi mbili, na gharama yake ni kalamu na mtu mwaminifu.

Kwa mialo ya Kigoma hilo ndilo la kuanzia. Boti la mbao halihitaji kamera wala mtambo wa kupiga picha mizigo. Linahitaji namba iliyoandikwa ubavuni ikasomeka, nahodha anayejulikana, orodha ya abiria na mzigo inayobaki nchi kavu kabla boti halijaondoka, na mtu upande wa pili anayepokea nakala yake. Leo simu inaweza kufikisha picha ya orodha hiyo Kalemie kabla boti halijapoteza mlima wa Kigoma machoni.

Mwenye mtaji mdogo afanye nini

Wasomaji wetu wengi si wenye meli. Ni wenye fremu ya duka, lori moja, boti moja, au wanaofikiria kujenga ghala karibu na ziwa. Kwao tunatoa ushauri ufuatao.

Kwanza, andika mzigo wako mwenyewe. Weka alama kwenye kila mfuko, hesabu mbele ya mpokeaji, na dai stakabadhi yenye saa na sahihi. Mwenye bima atakuuliza mali ilipotea ikiwa mikononi mwa nani. Usipoweza kuonyesha, umelipia bima bure.

Pili, kabla ya kukodi au kujenga ghala, uliza kama liko ndani ya eneo linalolindwa na bandari au nje yake. Mita 50 zinaweza kuwa tofauti kati ya ghala ambalo mkopeshaji atalikubali kama dhamana na lile atakalolikataa. Ghala la nje ni rahisi kwa kodi, lakini mlinzi, taa na kufuli ni juu yako.

Tatu, mwenye boti ajue kwamba boti lenye namba, maboya na daftari ni mali inayouzika na inayokopesheka. Boti lisilo na karatasi ni mbao zenye injini, na likikamatwa katika maji ya nchi jirani mwenyewe hana la kuonyesha.

Nne, jiungeni. Mfanyabiashara mmoja akilalamika kuhusu foleni ya ukaguzi ataambiwa ajipange. Chama cha wafanyabiashara wa soko kikipeleka barua yenye tarehe, muda wa kungoja na idadi ya mifuko iliyopungua, kimempa ofisa wa ulinzi kitu cha kufanyia kazi. Hasara zisizoandikwa haziingii katika tathmini ya bandari, na kisichoingia katika tathmini hakiingii katika mpango.

Njia iliyopo tayari

Wapo watakaosema kwamba kanuni za bahari ni nzito mno kwa ziwa. Kwa sehemu wana haki, na kanuni zenyewe zinakubaliana nao. ISPS inaruhusu mpango mmoja uhudumie bandari zaidi ya moja kama zinafanana kwa mwendeshaji, mahali, kazi na vifaa. Inaruhusu pia ofisa mmoja wa ulinzi asimamie zaidi ya bandari moja. Kwa pwani ndefu yenye bandari ndogo kama Kipili na Kasanga, utaratibu huo ungepunguza gharama bila kuacha mahali patupu.

SOLAS ina kifungu kingine kinachostahili kusomwa Kigoma. Nchi mbili au zaidi zinaweza kutiliana saini mapatano yao ya ulinzi kwa safari fupi za nchi za nje, kwa njia zisizobadilika, kati ya bandari zao. Mapatano hayo hupitiwa upya angalau kila miaka mitano. Kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya bahari, lakini kinafanana kabisa na safari za Kigoma na Kalemie, Kigoma na Bujumbura, Kasanga na Mpulungu. Hakuna kinachozizuia nchi za ziwa kuiga mfano huo kwa hiari yao.

Mfano wa jirani upo pia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya usafiri wa Ziwa Victoria mwaka 2007. Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka huo huo, na Kongo mwaka 2022. Maana yake ni kwamba nchi tatu kati ya nne za Ziwa Tanganyika sasa zinakaa meza moja. Inabaki Zambia, ambayo Tanzania na Kongo hukutana nayo katika SADC. Ziwa hili halijakosa meza ya kuketi. Limekosa mtu wa kuliweka katika ajenda.

Ikiwa mapatano hayo yatakuja, wafanyabiashara wadogo wahakikishe wameulizwa kabla ya saini. Geti la bandari kuu na daftari la mwalo viwe katika mpango mmoja. Tozo ya ulinzi iandikwe peke yake katika stakabadhi, ionekane, isifichwe ndani ya gharama nyingine. Na muda wa ukaguzi uwekewe kikomo, kwa kuwa tumeona katika hesabu ya mifuko 80 kwamba siku mbili ni ghali kuliko mwaka mzima wa hofu ya tozo.

Hadi hapo, mwenye mzigo Simbo aendelee kuuliza nauli, ushuru na saa ya kuondoka. Aongeze na lile la nne, na aliulize mapema, mifuko ikiwa bado garini.